Maswali ya Wasomaji: Sajini Leakey, Keya wa Tanganyika na vifaru vya Colito

Katika toleo lililopita tuliandika mistari michache kuhusu Sajini Nigel Gray Leakey wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa mapigano ya Colito nchini Ethiopia tarehe 19 Mei 1941. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba mistari ile haikutosha. Tumechagua zinazouliza mambo ya msingi, na zilizofanana tumeziunganisha.

Wahariri, salaam. Mmeandika kwamba Leakey alikuwa Keya wa Tanganyika. Sisi wa Nyeri jina hilo tunalijua kama la walowezi wa huku kwetu. Mmekosea, au kuna Leakey wawili? – Msomaji, Nyeri

Ni mmoja, na pande zote mbili ni za kweli. Alizaliwa Kiganjo, hapo hapo kwenu, tarehe 1 Januari 1913. Baba yake alikuwa mlowezi Gray Leakey, wa ukoo mmoja na Louis Leakey, mtafiti wa Olduvai. Alipelekwa Uingereza kusoma katika shule ya Bromsgrove, kisha akarudi Kenya kulima. Ndugu yake Rea alikuwa ofisa wa vifaru katika jeshi la Uingereza, ilhali Nigel mwenyewe alikufa akipambana na vifaru kwa miguu. Baba yao aliuawa mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau. Nigel alikufa akiwa na miaka 28.

Utanganyika wake unatokana na batalioni aliyopangiwa. Keya ilikuwa rejimenti moja yenye batalioni nyingi, na kila batalioni ilikuwa na nchi yake ya kuandikisha askari. Namba 6 ilikuwa ya Tanganyika. Vita vilipopamba moto namba hiyo ikazaa batalioni mbili, 1/6 na 2/6, na 1/6 husomwa «ya kwanza ya sita». Leakey alikuwa wa 1/6. Walowezi wengi wa Kenya waliingizwa katika batalioni hizi kama maofisa na masajini, huku safu za askari na makoplo zikijazwa na vijana wa Kiafrika.

Tuongeze jambo moja ambalo husahauliwa. Batalioni ya 6 iliundwa upya mwaka 1917, katikati ya Vita vya Kwanza, na sehemu kubwa ya askari wake wa mwanzo walikuwa watu waliowahi kuwatumikia Wajerumani na kisha kutekwa. Kwa hiyo msingi wa batalioni iliyopigana Colito uliwekwa na askari wenye uzoefu wa vita vya pande zote mbili.

Tuelezeeni mapigano yenyewe hatua kwa hatua. Keya walifikaje huko, na Leakey alifanya nini hasa? Kila mtu ananisimulia lake. – Mwalimu wa historia, Morogoro

Mwalimu, tuanze na ramani. Majeshi yaliyotoka Kenya chini ya Jenerali Alan Cunningham yaliingia Somalia ya Waitaliano mapema mwaka 1941 na kuiteka Mogadishu tarehe 25 Februari. Kutoka hapo yakapanda kaskazini hadi Harar, na Addis Ababa ikaangukia mikononi mwao tarehe 6 Aprili. Mfalme Haile Selassie aliingia mji mkuu wake tarehe 5 Mei. Wengi husimulia kana kwamba vita viliishia hapo. Havikuishia. Maelfu ya Waitaliano walikuwa bado na silaha zao kusini mwa Addis, katika nchi ya maziwa ya Bonde la Ufa, na mvua zilikuwa zimeanza. Kazi ya kuwafuata huko ndani ya tope ilibebwa kwa sehemu kubwa na Keya.

Colito ni mji ambao leo unaitwa Halaba Kulito. Uko kwenye mto Bilate, unaoteremka kusini na kumwaga maji yake katika ziwa Abaya. Mto ulikuwa ndio ngome ya Waitaliano. Mtu anayeshambulia kwa kuvuka mto ana udhaifu unaojulikana na kila mwanajeshi: watu huvuka kwanza, silaha nzito hufuata baadaye. Kati ya saa hizo mbili, walio ng'ambo wana bunduki tu na kile walichobeba mabegani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 19 Mei. Kombania mbili zilivuka chini ya moto mkali na kushika kipande cha ardhi upande wa magharibi. Msaada wao wa pekee wa silaha nzito ulikuwa mota moja ya inchi 3, yaani mzinga mfupi wa kurusha makombora. Mkuu wake alikuwa Sajini Leakey.

Waitaliano walirudisha shambulio ghafla kwa vifaru vya wastani na vyepesi, vikitokea ubavuni na kwenye vichaka vilivyokuwa mbele ya askari. Kombania zile hazikuwa na silaha hata moja ya kuzuia kifaru. Wakati huo Leakey alikuwa amemaliza makombora yake yote. Mkuu wa mota asiye na kombora hana kazi tena, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki alipo. Yeye akasogea mbele kuona kama kuna kingine cha kufanya.

Zingatia mfuatano wa matukio, kwa sababu hapo ndipo wasimuliaji wanapochanganya. Alikamata kifaru kimoja, akashuka, kisha akarukia kingine.

Kifaru cha kwanza kilikuwa kinakuja kutoka nyuma ya askari wetu. Leakey alikirukia, akaubandua mfuniko wa kichwa cha kifaru, yaani sehemu ya juu inayozunguka, akampiga kamanda kwa bastola, kisha wengine waliokuwamo, akamwacha dereva peke yake. Dereva alilazimishwa kukiendesha kifaru hadi mahali penye kinga. Hapo Leakey akajaribu kuutumia mzinga wake dhidi ya vifaru vingine, ukashindikana. Akashuka, akapaza sauti kwamba atawafuata kwa miguu.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi kuliko ya kwanza. Alikimbia katika eneo lililokuwa likifyekwa na bombomu (bunduki za rasharasha) na mizinga ya vifaru vilivyobaki, na hakuwa peke yake. Alikwenda na sajini meja wa kombania, Mwafrika, pamoja na askari mwingine mmoja. Watatu hao wakaanza kuvinyemelea vifaru. Viwili vya mbele vikapita. Leakey akakirukia cha tatu, akafungua mfuniko, akaua mmoja wa waliokuwamo. Kifaru cha nne kikamfyatulia bombomu na kumwangusha.

Tamko rasmi la nishani linasema kitendo chake kilichangia kwa kiasi kikubwa kulivunja shambulio la vifaru. Kama vifaru vingefanikiwa kumiminika kwenye tambarare, vita vyote vya siku ile vingekuwa hatarini. Soddo, mji mkubwa uliokuwa mbele, ulitekwa siku tatu baadaye, tarehe 22 Mei.

Mota ni kitu gani, na ilikuwaje sajini mzima aende vitani bila makombora ya kutosha? Huo si uzembe? – Kijana msomaji, Mwanza

Hapana, si uzembe, kijana wetu. Ni hesabu ya uzito, na ukiielewa utaona kwa nini jambo hilo liliwapata wengi.

Mota ni mzinga mfupi usio na magurudumu, unaorusha kombora juu sana ili lishuke kama jiwe nyuma ya kilima au ndani ya handaki. Ile ya inchi 3 ya Waingereza ilikuwa na sehemu tatu: mtutu, miguu miwili ya kuutegemeza, na sahani nzito ya chuma inayokaa chini ya mtutu ili kupokea kishindo. Zote pamoja zilizidi kilo 50, na ziligawanywa kwa watu watatu. Kombora moja lilikuwa na kilo 4 na nusu hivi. Aina iliyokuwapo mwaka 1941 ilifika takriban mita 1,500.

Kuipiga ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mmoja anaelekeza kwa kioo cha shabaha na skrubu za miguu. Mwingine anashika kombora juu ya mdomo wa mtutu na kuliachia. Linateremka kwa uzito wake hadi kwenye sindano iliyo chini, risasi ndogo iliyo mkiani mwa kombora inawaka, na gesi inalirusha. Vifuko vya baruti hufungwa karibu na mapezi ya mkia, na idadi yake ndiyo inayoamua umbali.

Sasa ugumu wake. Watu waliozoeana waliweza kurusha hadi makombora 15 kwa dakika. Chukua mwendo wa taratibu tu wa 10. Makombora 30 yanakwisha ndani ya dakika tatu, na makombora 30 ni zaidi ya kilo 130 zilizobebwa na watu kwenye njia ya tope. Mota moja ikiwa ndiyo tegemeo la kombania mbili, haitapiga taratibu. Itapiga kila inapoombwa, hadi mwisho.

Mvua nayo ina shida zake. Ardhi laini huimeza sahani, na kila kishindo huizamisha zaidi. Pembe inabadilika na makombora yanaanguka pasipokusudiwa. Ndiyo maana makombora ya kwanza hupigwa ili kuishindilia sahani, na shabaha husahihishwa baada ya hapo. Vifuko vya baruti vikinyonya unyevu, kombora huanguka fupi, na fupi maana yake ni juu ya wenzako waliovuka. Tawi la mti juu ya mtutu ni hatari vilevile, kwa kuwa kombora likiligusa hulipuka kichwani mwa wapigaji.

Kosa linaloogopwa kuliko yote ni kombora lililogoma ndani ya mtutu. Mpigaji aliyepumbazwa na kelele anaweza kudhani limetoka, akaachia jingine juu yake, na hapo hakuna anayepona. Utaratibu ni kusubiri kwanza, kuuchomoa mtutu kutoka kwenye sahani, kisha kuuinua upande wa nyuma polepole huku mwenzako akiweka viganja kuzunguka mdomo, si mbele yake, alidake kombora linapoteleza nje.

Hata kama Leakey angebaki na makombora, yasingemsaidia sana dhidi ya vifaru. Kombora la mota hukaa angani sekunde nyingi, na kifaru hakisimami kulisubiri. Tena vifaru vilikuwa tayari vimechanganyika na askari wake.

Mtu mmoja mwenye bastola anashindaje kifaru? Naomba jibu la kitaalamu, hadithi za sinema tumezichoka. – Fundi, Arusha

Fundi, jibu liko katika umbo la mashine yenyewe. Vifaru vya wastani walivyokuwa navyo Waitaliano katika Afrika ya Mashariki vilikuwa vya aina ya M11/39, 24 kwa jumla. Vile vyepesi vilikuwa vigari vidogo vya watu wawili, visivyo na kichwa kinachozunguka. Tamko la nishani linataja mfuniko wa kichwa na mzinga, na linahesabu kamanda, wengine, na dereva. Maelezo hayo yanaingia kwenye M11/39 tu.

Kifaru hiki kilikuwa na tani 11, chuma chake kinene kabisa kikiwa milimita 30, na watu watatu. Ndani ya kichwa alikaa mtu mmoja, kamanda, akiwa na bombomu mbili za milimita 8. Kichwa kilizungushwa kwa mkono. Mzinga wa milimita 37 haukuwa kichwani. Ulikuwa umepachikwa mwilini, mbele upande wa kulia, karibu na dereva, na mpigaji wake alikaa hapo chini.

Angalia matokeo ya mpangilio huo. Kamanda anatazama nje, anaamuru, anazungusha kichwa na anafyatua bombomu, yote peke yake. Anaona kupitia mianya myembamba. Mtu aliyekwisha kufika ubavuni na kugusa chuma yuko chini ya macho yake na chini ya midomo ya bombomu zake. Ndani kuna ngurumo ya injini, kwa hiyo nyayo juu ya paa hazisikiki. Mfuniko ukibanduliwa, mtu wa kwanza anayekutana na bastola ni yule yule aliyekuwa macho na mikono ya kifaru.

Mpangilio huo pia unaeleza kwa nini Leakey hakuweza kuutumia ule mzinga, ingawa hapa tunatoa hukumu yetu wenyewe kutokana na mashine ilivyo. Mzinga wa mwilini hugeuka nyuzi chache tu kulia na kushoto. Kwa shabaha ya mbali na mstari huo, dereva lazima ageuze kifaru kizima. Leakey alihitaji kukaa mahali pa mpigaji aliyekwisha kufa, kuuelewa mtambo wa kigeni katika nafasi finyu, na wakati huo huo kumwongoza dereva adui anayeendesha kwa kuogopa bastola. Kazi hiyo ni ya watu wawili wanaoelewana.

Kilichomuua nacho ni somo la kitaalamu. Kifaru kimoja ni kipofu karibu na mwili wake, lakini vifaru vinavyofuatana huangaliana migongo. M11/39 nyingi hazikuwa na redio, kwa hiyo cha tatu hakikuweza kuonywa. Wa nne hakuhitaji redio kumwona mtu aliyesimama juu ya paa la mwenzake. Bombomu ya milimita 8 haiwezi kuitoboa M11/39, hivyo aliweza kufyatua moja kwa moja bila kuwahofia waliomo ndani. Anayerukia kifaru huku kingine kikija nyuma ana sekunde chache tu, na Leakey alikwisha kuona kwa macho yake jinsi moto wa vifaru vile ulivyokuwa ukiwaangusha wenzake.

Wale Waafrika wawili waliokwenda naye ni kina nani? Mbona mmewapitia kwa nusu sentensi? Walipata nini? – Mjukuu wa Keya, Tabora

Malalamiko yako ni ya haki, na nusu sentensi hiyo inaanzia katika tamko lenyewe. Linasema «sajini meja wa kombania wa Kiafrika na askari mwingine», bila majina, na Leakey anatajwa kwa jina kila mahali. Vifaru vilevile na bombomu zilezile ziliwakabili watu watatu.

Kuna jambo katika vyeo hapo. Katika jeshi lolote sajini meja wa kombania ni mkubwa kuliko sajini. Katika Keya ya mwaka 1941 rangi ilikatisha ngazi hiyo: sajini wa Kizungu aliamuru, na sajini meja wa Kiafrika, ambaye mara nyingi alikuwa na miaka mingi zaidi ya utumishi, alitii. Hata nishani zilitenganishwa. Keya walikuwa na Nishani ya Mwenendo Uliotukuka, DCM, ya aina yao wenyewe, yenye jina la King's African Rifles juu yake, hadi ilipoondolewa mwaka 1942. Kuhusu Msalaba wa Victoria (VC), Wahindi waliruhusiwa kuipata tangu mwaka 1911. Lakini katika vita vyote viwili vya dunia hakuna askari Mwafrika wa Keya hata mmoja aliyevishwa.

Kusema hivyo hakupunguzi chochote kwa Leakey. Alichofanya alikifanya mbele ya macho ya kombania mbili, na tamko lenyewe linasema askari waliomwona walipata moyo wa kuendelea kupigana. Tunachokisisitiza ni kwamba walioendelea kupigana walikuwa Watanganyika. Mtu mmoja juu ya kifaru asingeushika ukingo wa Bilate kama askari waliolala kwenye majani wakiwa na bunduki tu wangekimbia. Anayeandika habari za Colito akaishia kwa Leakey ameandika nusu ya tukio.

Kama alikufa Mei 1941, kwa nini nishani ilitangazwa mwishoni mwa 1945? Na nishani yenyewe ikoje? – Msomaji, Mombasa

Ni kweli, ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali mjini London tarehe 15 Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye. Njia ya VC ni ndefu kuliko ya nishani nyingine. Kamanda wa kikosi huandika pendekezo, na kwa desturi huambatanishwa na maelezo ya mashahidi watatu walioona kwa macho. Hupanda kutoka brigedi hadi divisheni, hadi wizarani, hadi kwa mfalme. Batalioni ya 1/6 haikutulia mahali pamoja. Mwaka 1942 ilikuwa Madagaska.

Nishani ni msalaba wa shaba nyeusi, upana wake kama sentimita tatu na nusu, yenye simba juu ya taji na maneno ya Kiingereza yenye maana ya «kwa ushujaa». Utepe ni mwekundu wa damu ya mzee. Nyuma ya msalaba huchongwa tarehe ya kitendo, na nyuma ya kipande kinachoushikilia utepe huchongwa namba, cheo, jina na kikosi. Ilianzishwa na Malkia Victoria mwaka 1856.

Baba alipenda kusema kambi ya Lugalo zamani iliitwa Kolito. Ndiyo hiyo hiyo? – Mkazi wa Mwenge, Dar es Salaam

Ndiyo hiyo hiyo. Baada ya vita, kambi ya batalioni ya 6 nje kidogo ya Dar es Salaam ilipewa jina Colito kwa kumbukumbu ya mapigano haya. Uhuru ulipofika mwaka 1961 batalioni ikageuka kuwa ya kwanza ya Tanganyika Rifles, katika kambi ile ile. Maasi ya jeshi yalianzia hapo usiku wa kuamkia 20 Januari 1964, askari wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Yalizimwa tarehe 25 Januari na makomando waliotoka kwenye meli ya kivita ya Uingereza. Jeshi lile likavunjwa, na JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba 1964.

Jina la sasa linatoka Iringa: Lugalo ndipo Wahehe wa Mkwawa walipokivunja kikosi cha Wajerumani cha Zelewski mwezi Agosti 1891. Badiliko hilo tunaliona limefaa. Kilichopotea nalo ni kumbukumbu ya Watanganyika waliofia Bilate, maana jina la kambi lilikuwa karibu mahali pekee hapa nchini palipobaki pakiitaja siku yao.

Babu yetu alikuwa Keya. Ameacha kopo lenye nishani nne na hatujui ni za nini. Wapo wanunuzi wanaotuzungukia. Tufanyeje? – Familia, Songea

Kwanza msiuze, na msizisugue. Dawa ya kung'arishia shaba inakula maandishi na kingo. Kitambaa kikavu kinatosha. Tepe zilizochakaa ziacheni zilivyo, kwa kuwa rangi zake ndizo ushahidi wenu.

Zitazameni hivi. Nyota yenye ncha sita, ya rangi ya shaba, ni nishani ya eneo la vita, na jina la eneo limeandikwa katikati kuzunguka herufi za mfalme. Ile ya 1939–45 ina utepe wa mistari mitatu sawa: buluu iliyokolea, nyekundu, buluu mpauko. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari miembamba ya buluu pembeni; aliyekuwa Abisinia (Ethiopia) kati ya Juni 1940 na Novemba 1941 aliistahili. Nyota ya Bamaa (Burma) ina nyekundu pana katikati, na buluu yenye mstari wa rangi ya chungwa kila upande. Ya duara, ya rangi ya fedha, yenye simba aliyesimama juu ya joka ni ya Vita 1939–45, waliyopewa karibu wote. Nyingine ya duara, yenye utepe wa chungwa na kingo za kijani, ni ya Ulinzi.

Msishangae mkikuta hazina jina. Nyota hizi Waingereza walizitoa bila kuchonga jina la mtu, kwa hiyo nishani peke yake haithibitishi ni ya nani. Kinachothibitisha ni kitabu chake cha kuachishwa kazi ya jeshi na namba yake ya uaskari. Tafuteni namba hiyo kwanza, hata kama imeandikwa nyuma ya picha au kwenye kifuniko cha sanduku, kwa sababu majina ya Kiafrika yaliandikwa na makarani kwa tahajia za kila namna. Mkitafuta kwa jina, jaribuni R mahali pa L, na jina la baba mahali pa jina lake. Picheni kila kitu pande zote mbili. Mkishajua batalioni na miaka, shajara za vita za batalioni za Keya ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, na zile za 1941 ziko katika fungu la WO 169. Shajara huandikwa siku kwa siku. Hutaja maofisa zaidi kuliko askari, lakini zitawaambia babu alikuwa wapi siku gani.

Leakey amezikwa wapi? Tuna safari ya shule mwezi ujao. – Mwalimu, Karatina

Hana kaburi linalojulikana. Jina lake liko kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nyeri, si mbali na Kiganjo alikozaliwa. Wapelekeni wanafunzi na karatasi na penseli. Wamtafute chini ya King's African Rifles, kisha wasome majina yaliyo juu na chini yake.